Kunde za Kwanza za Kyanduu

Vijana wa ofisi ya ardhi, mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, blanketi, na hotuba zisizokwisha. Nashukuru kwa blanketi. Saa nimeitundika, ingawa sijui mstaafu ana haja gani ya kujua saa. Hotuba zote zilisema nilikuwa mama mchapa kazi, zikataja vyeo nilivyopitia kimoja kimoja, na hakuna hata moja iliyosema kazi yenyewe ilikuwa ipi. Ndiyo maana nimeketi hapa Matinyani, nyumbani kwetu, niwaandikie mwenyewe. Vyeo na mishahara sitavigusa. Walionipandisha wanajijua, na walionikalia wanajijua zaidi.

Nyinyi mmeikuta ardhi ikiwa na ramani. Sisi tulipoanza, mashamba mengi ya Ukambani hayakuwa na karatasi yoyote. Kila mtu alijua shamba lake linaishia wapi, na jirani yake pia alijua, shida ni kwamba mara nyingi walijua tofauti. Serikali ilitaka kila shamba liwekewe mipaka, mwenyewe aandikwe, apewe hati. Kwa hiyo tulikwenda eneo baada ya eneo, tukapiga kambi, tukasikiliza. Watu wengi hudhani sisi tulikuwa wapimaji. Kupima ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kujua nani alifika mahali kwanza, na waliomfuata walikaa kwa ruhusa ya nani. Hiyo ni historia, na historia huwezi kuipigia kigingi.

Nilifika kambini Kalamba mwanzoni mwa miaka ya sabini, na sanduku la bati, viatu vya kisigino ambavyo vilikufa siku hiyo hiyo, na barua ya kuajiriwa kuwa karani wa kurekodi. Dereva wa kambi alilichukua sanduku langu kwa adabu sana akalipeleka moja kwa moja jikoni.

"Mpishi amefika!" akawaambia wenzake.

"Mimi ni karani," nikasema.

"Karani wa kufanya nini?"

"Wa kuandika yale maneno unasema. Kwa hivyo chunga mdomo."

Walicheka, sanduku likatolewa jikoni, lakini hadi naondoka Kalamba kulikuwa na wanaume pale ambao wakiniona na kalamu waliniangalia kama mtu aliyebeba silaha bila leseni.

Aliyecheka zaidi alikuwa Bwana Munyoki, mkuu wa kambi, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye kofia ya kaki iliyochomekwa pini ukingoni. Alikuwa ameanza kazi kabla ya Uhuru kwa kuwabebea Wazungu mnyororo wa kupimia, na alisema hivyo ndivyo alivyojifunza kwamba anayebeba mnyororo ndiye anayeijua milima, kwa sababu anayeangalia darubini amefunga jicho moja. Mimi kwake nilikuwa "mwiitu", yaani binti, siku zote, hata nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe.

Ile pini ya kofiani ilikuwa chombo cha kazi. Hatukuweza kupima kila shamba kwa mnyororo, tungekuwa bado tuko huko mpaka leo. Ndege ilipita juu ikapiga picha, picha zikakuzwa zikawa pana kama meza ndogo, nasi tukatembea mpakani tukiwa nazo mkononi. Pale kona ya shamba ilipoonekana katika picha, Munyoki alichomoa pini akatoboa, kisha akaigeuza picha na kuandika namba nyuma ya tundu. Ukitoboa kando kidogo tu, umemhamisha mtu kutoka kwenye migomba yake. "Ukitoboa pabaya utaziba na nini?" aliniuliza kila mara.

Ili ua uonekane kutoka angani ilibidi uwe mnene. Kwa hiyo chifu alitangaza mapema katika baraza kwamba kila mwenye shamba apande makonge au minyaa mpakani, ndege inakuja. Wekeni neno hilo kichwani, tutalirudia.

Munyoki alikuwa na sheria zake mbili ambazo hazikuwa katika kitabu chochote cha serikali. Ya kwanza ilikuwa kwamba usimwulize mtu shamba ni la nani. "Atakuambia ni lake. Hata mwizi wa mbuzi husema ni yangu. Wewe uliza nani alimngojea nani." Maana yake ilikuwa hii: mtu wa kwanza kufika mahali hamngojei mtu. Wanaokuja nyuma yake ndio wanaongoja. Wanangoja kuonyeshwa pa kujenga, wanangoja ruhusa ya kutundika mizinga ya nyuki, wanangoja kuitwa. Watu husahau mipaka, lakini aliyekungojesha huwezi kumsahau.

Ya pili nitaieleza ikifika zamu yake.

Sasa Kyanduu. Kyanduu ni soko dogo juu ya kilima, ndani ya eneo letu la Kalamba, huko juu ambako asubuhi ukungu hukunyima kuona miguu yako, na mtu wa tambarare akipanda hutafuta sweta. Udongo ni mwekundu, kuna chemchemi isiyokauka, na juu ya chemchemi kuna msitu mdogo wa mikuyu ambao Wakamba huuita ithembo, mahali pa zamani pa kuombea mvua na kutolea mavuno. Wazee walisema babu zao walipanda kutoka upande wa Mbooni wakitafuta malisho, wakakuta msitu mtupu na njia za ndovu. Kabla yao walikuwepo wawindaji ambao hakuna aliyejua majina yao. Waliacha mawe ya kunolea mishale karibu na maji, wakaenda zao. Hao peke yao ndio hawakutuletea madai.

Madai yalikuwa kati ya koo mbili. Kikamba husema mbaa, yaani watu wa nyumba fulani. Kulikuwa na mbaa Ngove na mbaa Mulei. Mbaa Ngove walikuwa wengi, wana maduka, wana mabati, na msemaji wao alikuwa Jonathan, mwenye duka kubwa kuliko yote pale sokoni. Mbaa Mulei walikuwa wamebaki nyumba chache tu kando ya chemchemi, na mkubwa wao alikuwa Philipo, mzee wa kanisa, mtu mpole aliyevaa koti la suti hata akilima.

Chifu alipotangaza habari ya ndege, Philipo alikwenda kanisani kuombea jambo hilo. Jonathan alikwenda kutafuta makonge. Alipanda ua mnene kuzunguka kilele chote, na ndani ya ua huo akaizungushia chemchemi, msitu wa mikuyu, na nyumba ya Philipo yenyewe. Philipo aliona makonge yakipandwa nyuma ya choo chake akadhani ni ujirani mwema, akawapa wapandaji uji. Ndege ikapita. Picha ilipofika kambini, ua wa Jonathan ulionekana wazi kama mshono wa shati jeupe, na wa Philipo haukuwepo.

Kesi ikaja mbele ya kamati ya wazee, ambayo ndiyo ilikuwa na mamlaka ya kuamua, sisi tukiandika. Ilikaa katika banda la mnada wa ng'ombe, kwa hiyo haki ya Kyanduu ilitendeka penye harufu ya samadi, na sijaona mahakama iliyolishinda banda lile.

"Hii maneno ya nani alikuja kwanza ni ya kizamani," Jonathan akasema. "Picha ya ndege iko. Fensi iko. Nani alipanda makonge? Ni sisi. Karani, andika hiyo."

"Ndege ilipita juu, Jonathan," Munyoki akamwambia. "Haikushuka kuuliza."

"Basi uliza Philipo. Yeye mwenyewe aseme."

Mwenyekiti wa kamati akamgeukia Philipo. Kila mtu pale banda zima alikuwa amesikia, hata kama ni kwa fununu, kwamba mbaa Mulei ndio waliokuwa wenyeji wa kilima. Ilitosha Philipo aseme, aeleze, wazee wamuunge mkono. Philipo akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Sisi tulikuja tu kama watu wengine," akasema. "Dunia yote ni ya Mungu."

"Mungu hana shida ya hati, mzee," Munyoki akasema. "Ni watoto wako ndio wako na shida. Baba yako alikuwa anafanya nini hapa kilimani?"

"Alikuwa mkulima." Akakaa.

Nilikasirika hadi kalamu ikachana karatasi. Nilidhani ni woga. Munyoki akasema si woga, ni haya. Mwenyeji wa kilima katika mila zetu hakuwa mwenye shamba tu. Ndiye aliyeingia ithembo kabla ya wengine, akatoa mavuno ya kwanza, akaonja, ndipo watu wakala. Philipo aliokoka akiwa kijana, akafundishwa kwamba yote yale ni giza. Kusema "sisi tulikuwa wa kwanza" kulikuwa sawa na kusimama mbele ya waumini wenzake, ambao walikuwa wamejaa mle bandani, na kusema baba yangu alikuwa kuhani wa mikuyu. Afadhali apoteze kilima.

Tulipotoka, Munyoki alimvuta pembeni. "Bwana mzee wa kanisa, mficha uchi hazai."

"Na anayevua nguo kanisani, yeye huzaa?" Philipo akajibu, akaenda zake. Nilimpenda kidogo kwa jibu lile, pamoja na hasira zangu zote.

Mkewe, Rael, yeye alitufuata mpaka kwenye gari akashika mlango. "Andika mimi! Mimi naweza sema yote."

"Wewe uliona nini, mama?" nikamuuliza.

Akaachia mlango. "Mimi niliolewa kanisani. Hiyo vitu ya zamani sikuona, niliambiwa tu." Machozi yakaanza. "Jonathan amesema tutoke. Amesema kuna mashamba huko chini Kambu, serikali inapeana. Tukafuge mbuzi pamoja na nyani! Watoto wangu wamezaliwa na hii maji. Na bwana yangu anasema atashikilia ushuhuda wake wa wokovu. Huo ushuhuda ndio tutalalia?"

Kama kamati ingekutana tena bila neno jipya, ua wa Jonathan ungekuwa mpaka, mimi ningeandika, na Rael angefunga vyombo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na tulijua sote.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa nyuma ya duka la Jonathan kutafuta mbaazi mbichi za kupika kambini. Jikoni nilimkuta mama yake, Susu Ndinda. Susu kwetu ni bibi, na pale kilimani kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa ameketi juu ya kigoda akimenya mbaazi, mgongo umepinda, macho bado makali.

"Wakya, mwiitu?"

"Aa, susu."

"Wewe ni wa Kitui. Nasikia kwa mdomo. Nyinyi mnavuta maneno kama mtu anavuta ng'ombe amekataa."

"Ni wa Matinyani, susu. Na ng'ombe wetu huwa wanafika."

Akacheka, akanisogezea ungo nimsaidie. Nilikuwa na njaa, nikamenya ganda moja nikazitupia mbaazi mdomoni. Akaniangalia.

"Kula tu. Siku hizi mnakula tu. Mimi nilipoolewa hapa, nilitoka huko chini tambarare. Kwetu kunde ikikomaa unachuma. Nikaona kunde ya mama mkwe iko tayari, nikasema leo huyu mama atanipenda. Nikachuma, nikapika chungu mzima. Akakuja, akafungua, hakusema kitu. Akabeba chungu hivyo ikiwa moto, akamwagia mbuzi."

"Kwa nini, susu?"

"'Kwa Mulei hawajaonja!' Aliniambia hivyo. 'Unataka tukufe?' Na ulikuwa mwaka wa njaa, mwiitu, tulikuwa tumekula mizizi. Tukalala hivyo. Kila siku tunaangalia moshi ya kwa Mulei mpaka macho inauma. Mzee Mulei akishaonja, anatuma mtu na kikapu, anapita kila boma, anasema, 'Kuleni.' Ndio sasa tunakula. Mimi nilichukia huyo mama mkwe mpaka akakufa. Mbuzi zilinenepa kwa kunde yangu!"

Mikono yangu ilikuwa imesimama. Kila kitu tulichokitafuta kilikuwa kimetoka mdomoni mwa mama yake Jonathan, na yeye alidhani anamsengenya mama mkwe.

Hapa ndipo inapoingia sheria ya pili ya Munyoki: neno la jikoni haliendi barazani bila mwenyewe kulipeleka. Watu hukufungulia jikoni kwa sababu ni jikoni. Ukilibeba kwa siri, umeiba, na kesho hakuna jiko litakalokukaribisha. Nimeona maofisa wenye elimu nzuri wakiharibu eneo zima kwa kuwa wajanja mara moja. Vijana, msiwe wajanja.

"Susu," nikasema, "unajua mimi nafanya nini hapa?"

"Unaandika mashamba."

"Hayo umesema, yakiandikwa, kilima hiki ni cha kina Philipo."

Akaacha kumenya. "Mimi sijasema maneno ya kilima. Nimesema maneno ya mama mkwe."

"Ni kitu kimoja, susu."

Maganda yalikuwa yamemjaa mapajani. Mbele dukani tulisikia Jonathan akimsalimia mteja kwa furaha.

"Huyo ndiye ananilisha," akasema polepole.

"Najua."

"Toka kwanza. Toka, niwache nifikirie."

Nikatoka, mbaazi nimezisahau. Nilimwambia Munyoki kwamba kuna neno mahali, ila mwenyewe hajalitoa. Hakuniuliza ni la nani. "Basi tungoje na sisi," akasema, akarudi kunoa panga. Sijui kama mnajua ugumu wa kungoja na kalamu mkononi, huku jibu unalo. Niligombana na dereva bila sababu, ingawa dereva yule sababu hazikuwa haba.

Kamati ikakutana tena. Jonathan alikuja na jamaa zake wote, wamevaa vizuri. Philipo alikuja peke yake, koti limefungwa. Rael alisimama nje ya banda na watoto, nikaona tayari amejitwika shuka kichwani kama mtu wa safari. Mwenyekiti akauliza kama kuna neno jipya, kisha akafungua mdomo kuhitimisha.

"Nipitisheni," sauti ikasema nyuma.

Susu Ndinda aliingia na fimbo yake, amevaa nguo za kanisani, kitambaa cheupe kichwani. Watu wakampisha.

"Mama, hapa ni maneno ya mashamba," mwenyekiti akamwambia kwa upole.

"Hiyo shamba nilikuwa nalima wewe ukiwa kwa mgongo ya mama yako. Nipatie kiti."

Alipewa kiti, na akasimulia. Hakuongeza wala hakupunguza: kunde, chungu, mbuzi, moshi wa kwa Mulei, kikapu kinachopita boma kwa boma. Aliposema "Kwa Mulei hawajaonja", alisema kwa sauti ya mama mkwe, na baadhi ya wazee walicheka kabla ya kujizuia. Jonathan alikuwa amesimama.

"Mama! Unajua unasema nini?"

"Nasema njaa yangu," akamjibu. "Hiyo si ya duka, si ya makonge. Ni yangu. Kilima mtagawana vile mnataka, lakini mimi sitasema uongo juu ya njaa yangu."

Kisha mzee mmoja wa kamati, ambaye hakuwa wa upande wowote, akasema, kama anaongea peke yake, "Hata kwetu tulikuwa tunangoja." Mwingine akasema ndugu yake alilala nje kwa kuiba hindi moja kabla ya kikapu kupita. Mwishowe mwenyekiti mwenyewe akashika tama. "Na mimi," akasema, "nilichapwa kwa sababu ya kunde. Nilikuwa nimesahau kabisa."

Nawaambia, nimekaa katika kesi nyingi, sijawahi kuona tena historia ya mahali ikirudi namna ile, si kutoka kwa waliotawala bali kutoka kwa matumbo ya waliongoja.

Mwenyekiti akamwita Philipo. "Ni kweli baba yako alikuwa anaonja kwanza?"

Philipo alisimama. Aliwatazama waumini wenzake, kisha Susu Ndinda. "Ni kweli. Lakini mimi sijaonja tangu niokoke."

"Hatujakuuliza kama unaonja, mzee. Tumeuliza nani alikuwa anangojewa."

"Ni sisi," Philipo akasema, na akalia mbele ya watu. Huko nje Rael alipiga kigelegele kimoja kikali hadi ng'ombe wa mtu akakata kamba.

Kamati iliamua kwamba kina Philipo wabaki na chemchemi na mashamba yao, mbaa Ngove wakae na maduka na mashamba waliyoonyeshwa na wazee wa Mulei zamani, na ua wa makonge uliokatiza mle ndani ung'olewe. Jonathan alipinga kwa njia zote za sheria, akashindwa zote. Tulipokwenda kuweka mpaka mpya, Munyoki alisimama pale kwenye kona ya chemchemi, akachomoa pini kofiani akanipa.

"Toboa wewe, mwiitu."

Hakuna karani aliyekuwa amewahi kutoboa picha. Nikatoboa, nikageuza, nikaandika namba. Katika kitabu cha kesi, kwenye nafasi ya kueleza sababu za uamuzi, niliandika, "Walingojewa." Munyoki akasoma, akasema inatosha. Pini hakuidai tena, nami sikuirudisha. Sitajifanya mnyenyekevu: siku ile nilijivuna, na nikiikumbuka najivuna upya.

Baadaye nilifanya kazi kwingi. Nilikuwa Kambu barabarani, ambako kila mtu alitoka mahali pengine na swali la nani alikuwa wa kwanza lilijibiwa kwa lugha nyingi, pamoja na Kisomali cha wauza mbuzi waliokaa pale muda mrefu kuliko majirani waliowaita wageni. Nilirudi Kitui, nikagombanisha na kupatanisha watu wa kwetu wenyewe. Munyoki alistaafu, tukamzika, pini ikabaki kwangu. Kote huko niliuliza swali lake lile lile, na mara nyingi zaidi jibu lilitoka jikoni. Nyinyi sasa mna mitambo, na ni mizuri. Lakini mtambo, kama ile ndege, haushuki kuuliza.

Lipo jambo moja la Kyanduu ambalo nimeliacha hadi sasa kwa makusudi, maana hakuna hotuba ambayo ingeliweza.

Kabla kambi haijahama, mavuno yalifika, na kanisa la pale sokoni likafanya ibada ya shukrani. Mimi na Munyoki tulialikwa. Kikapu kwa kikapu watu walileta mahindi, ndizi, kunde na mbaazi mbele ya madhabahu. Mbaa Ngove walikuja wote, na walikaa upande mmoja, na mbaa Mulei upande wa pili, na katikati hewa ilikuwa nzito hata nyimbo hazikuweza kuipasua. Tangu kesi ile Jonathan hakuwa amemsalimia Philipo, na wengi waliogopa kwamba kanisa litagawanyika kama kilima.

Baada ya ibada chakula kilitolewa nje. Mchungaji aliomba, akasema amina, watu wakashika vijiko. Susu Ndinda hakushika chake. Alikaa na sahani mapajani, kunde zikifuka moshi, macho ameyaelekeza kwa Philipo. Mkwe wake aliyekaa kando yake akaona, akaweka kijiko chini. Kisha mwanamke aliyefuata. Ikasambaa kwenye benchi la mbaa Ngove, ikavuka hadi kwa wengine, mpaka uwanja mzima ukanyamaza, watu wamekaa na chakula mbele yao na hakuna anayetafuna. Jonathan alikuwa wa mwisho kuweka kijiko chini, na alikiweka kwa kelele.

Philipo alielewa. Nilimwona akimtazama mchungaji kama mtoto anayeomba ruhusa. Mchungaji, ambaye alikuwa kijana wa mbali na mambo haya, aliangalia huku na huku, kisha akatikisa kichwa kukubali, nadhani kwa njaa zaidi kuliko teolojia. Rael akamgusa mumewe kiwiko. Philipo akasimama, akafunga kifungo cha koti, akachota kunde kidogo, akatia mdomoni, akatafuna, akameza.

"Bwana asifiwe," akasema. "Kuleni."

"Haya," Susu Ndinda akasema, akashika kijiko chake. "Leo hakuna mtu ananimwagia chungu."

Uwanja mzima ukacheka, hata Jonathan, kidogo, akiwa ameinamia sahani. Watu wakala. Nami nilipoinua mkono nile ndipo nilipogundua kwamba mimi, mtu wa Matinyani, mgeni wa kilima kile, nilikuwa nimengoja pia.